Dadu tatu na namba ya siri ya mama: shajara ya mradi, Moshi

Jumatano, 5 Februari 2025

Kipindi cha kwanza kimeisha na nimeshaharibu. Naandika hapa hapa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, kabla sijaanza kujitetea.

Mpango ni huu: dakika arobaini kila Jumatano, darasa la sita, wiki nane, hadi karibu na likizo fupi ya mwisho wa Machi. Mada ni nywila imara na usalama mtandaoni. Mimi si mwalimu. Nina fremu ya steshenari jirani na soko la Mbuyuni. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu maombi yao mtandaoni. Desemba mteja wangu mmoja, bibi anayeuza ndizi, alikuja kutoa kopi ya kitambulisho huku analia. Mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja alikuwa amepokea simu. Mpigaji alijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, akaomba namba ya siri ili laini ya bibi isifungiwe. Mtoto akaitaja. Pesa yote ya sare na madaftari ya Januari ikaondoka. Bibi alikuwa amemchapa yule mtoto, na sasa amekumbuka kuwa namba ile alimpa yeye mwenyewe, ili awe anamtolea pesa kwa wakala.

Ndipo nikaenda kumwona Mwalimu Mkuu.

Leo nilikuja na projekta ya kuazima. Umeme ukakatika kabla sijaichomeka, nikarudi kwenye chaki. Watoto wakasimama wote kwa pamoja: "Shikamoo madam!" Nikaitikia marahaba, nikajisikia mwalimu kweli kweli. Nikaandika ubaoni 10,000, nikaeleza kwamba tarakimu nne zinaanzia 0000 hadi 9999, basi, hakuna zaidi. Nikasema watu wazima wengi huweka mwaka wao wa kuzaliwa, na tapeli akishajua kuwa namba inaanza na 19, zimebaki mia moja tu za kubahatisha. Halafu, ili kunogesha somo, nikauliza: "Nani anajua namba ya siri ya nyumbani inayoanza na 19?"

Mikono ikapaa kama mahindi. Kijana wa dawati la nyuma hakungoja hata kuitwa. Alisimama, akaweka mikono nyuma, akaitaja yote, tarakimu zote nne, ya mama yake, kwa sauti ya kughani shairi.

Mwalimu wa TEHAMA alikuwa amesimama mlangoni na kishikwambi chake cha sensa. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Dada, mbona umewatapeli wewe mwenyewe?"

Naongeza usiku, nikiwa nyumbani: jioni nilipanda bajaji hadi Pasua kumtafuta mama wa yule kijana, nimwombe abadilishe namba. Nilimkuta anapepeta maharage. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwani wewe si mwalimu wao?" Nikamwambia hapana. Akaacha kupepeta.

Jumatano, 12 Februari

Wiki nzima nimekuwa nikilitafuna lile swali. Vipeperushi nilivyochapa nyumbani vinasema "usimwambie mtu yeyote nywila yako". Maneno hayo yanafaa kwa mtoto mwenye simu yake, chumba chake na mlango wake. Hawa simu ni ya mama, au ya kaka, au ni kitochi kimoja kinachozunguka nyumba nzima. Na namba ya siri ni sehemu ya kutumwa, kama vile kutumwa chumvi: "Nenda kwa mangi, toa elfu kumi, namba ni hii." Mtoto mwenye akili ndiye anayeaminiwa namba. Ukimwambia asimwambie mtu yeyote, anakuona hujui dunia.

Na upande wa pili kuna adabu. Mkubwa akiuliza, unajibu. Ukinyamaza umekuwa jeuri. Mimi niliingia darasani, nikaamkiwa, nikauliza, nikajibiwa. Mpigaji wa simu ya bibi alifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo nywila hata iwe na herufi arobaini, mlango wa hawa watoto unafunguliwa na shikamoo. Nimeliandika hilo nyuma ya daftari la mradi. Bado sijui nitalifundishaje bila kuonekana nawaharibia watu watoto.

Leo nimekwepa, nimefundisha kilicho rahisi. Nilinunua kufuli ya baiskeli yenye magurudumu matatu ya namba, nikamfungia mwalimu wa TEHAMA begi lake lenye chaki, nikawaachia asubuhi kabla ya mstari. Michanganyiko 1,000. Walipeana zamu. Kengele ya chai ilipolia begi lilikuwa wazi na chaki tatu hazionekani.

Swali zuri kuliko yote lilitoka kwa binti wa dawati la mbele: kama namba tatu zimeishia saa ya chai, mbona pesa za kwenye simu zinalindwa na namba nne tu? Nilifurahi, maana jibu lake ndilo somo lenyewe. Kwenye simu kuna mlinzi: ukikosea mara chache, anafunga. Kufuli ya baiskeli haina mlinzi, unajaribu hadi uchoke. Na nywila za mtandaoni mara nyingine huibwa kwa pamoja, faili zima, mwizi akaenda kuzijaribu kwake, kwa kompyuta, bila mlinzi na bila kuchoka. Mwaka 2009 kampuni moja ya Marekani, RockYou, iliibiwa nywila za watu milioni 32, zikiwa zimeandikwa wazi kabisa bila hata kufichwa. Iliyoongoza kwa kupendwa ilikuwa 123456. Niliposema hivyo darasa likacheka, kisha vicheko vikapungua ghafla sehemu fulani fulani za darasa. Safari hii sikuuliza kwa nini.

Ijumaa, 14 Februari

Hii haihusu shule, ila lazima niiandike.

Chini ya kaunta yangu kuna daftari la jalada la bluu. Mteja akija nimfungulie baruapepe, au nimjazie maombi ya mkopo wa chuo, au ya kazi serikalini, mimi ndiye ninayetunga nywila na mimi ndiye ninayeiandika, ili akirudi baada ya miezi mitatu tusianze upya. Kila steshenari ninayoijua ina daftari kama hili. Leo nimelifungua kwa jicho la darasa la sita na nikaona aibu. Moshi2021. Moshi2022. Jina la mteja na 123. Kilimanjaro1, mara nane, watu wanane tofauti. Herufi kubwa mwanzoni, namba mwishoni, na mfumo ukikataa naongeza alama ya mshangao.

Mtindo huo nao una baba yake. Mwaka 2003 Bill Burr, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliosambaa duniani: changanya herufi kubwa, namba na alama, na ubadilishe mara kwa mara. Watu wakatii kwa njia fupi kuliko zote, kama mimi na alama yangu ya mshangao. Mwaka 2017 NIST waliandika upya: urefu ni bora kuliko mapambo, usimlazimishe mtu kubadilisha kama hakuna dalili ya wizi, na kataa nywila zinazojulikana kuwa zimeshavuja. Burr mwenyewe, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika.

Nimeanza kurudisha. Mteja akija namketisha abadilishe mwenyewe, namwandikia mistari yake kwenye kikaratasi cha kuweka nyumbani, nakata mstari kwenye daftari. Wengine wananuna. "Dada, we nitunzie tu." Kijana mmoja wa Kiboriloni amerudi jioni hii hii, kikaratasi kilifuliwa na suruali.

Jumatano, 19 Februari

Nimeleta dadu. Seti kumi na mbili za ludo kutoka dukani.

Mbinu ni ya Arnold Reinhold, Mmarekani, tangu 1995: unarusha dadu, namba zinazotoka zinakuonyesha neno kwenye orodha, unarudia hadi upate maneno kadhaa, hayo ndiyo nywila yako. Orodha yake ina maneno 7,776, kwa sababu dadu moja ikirushwa mara tano inatoa michanganyiko 7,776. Uzuri wake ni kwamba anayechagua ni dadu. Mtu akijichagulia anachagua jina la mpenzi, timu au mji.

Lakini orodha ile ni ya Kiingereza, na maneno 7,776 hatuyawezi katika dakika arobaini. Tukakubaliana dadu tatu: mara sita, mara sita, mara sita, 216. Darasa lenyewe litunge orodha. Nilidhani ni kazi ya kipindi kimoja.

Tulianza kwa mbio: ndoo, kobe, jembe, popo, gunia, fagio, nyuki, sufuria. Kisha mtoto mmoja akasema "karamu", na jirani yake akaandika "kalamu", na wote wawili walikuwa sahihi, na wote wawili wangefungiwa nje ya akaunti zao. Hapo somo likageuka kuwa la Kiswahili. Kula na kura. Mahali na mahari. Tukaweka sheria: neno lolote ambalo ukibadilisha r na l linazaa neno lingine, nje. Halafu "dhahabu", ambayo nusu ya darasa iliandika kwa z. Nje. "Thelathini" kwa s, nje. "Ghali", nje. "Hela" aliyoiandika mmoja "ela", nje, ingawa ilinichoma kidogo. Mwalimu wa TEHAMA, ambaye kumbe ndiye anayefundisha Kiswahili pia, aliniambia wiki hii wamejifunza tahajia zaidi ya muhula mzima uliopita, kwa sababu kwa mara ya kwanza herufi moja ina gharama.

Tumefika maneno 94.

Jumatano, 26 Februari

Ubishi tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiti, kitu, kito, kiatu: vinafanana mno, kibaki kimoja. Maneno ya m- yalikuwa mengi hadi orodha ikawa kama inanung'unika, tukafuta kumi na tano. Umoja tu, wingi hapana, la sivyo mtu atasahau kama alikuwa na ndoo au madoo (ndiyo, aliandika madoo).

Mtori umeingia bila kupingwa. Kiburu kimeingia baada ya mtoto wa familia iliyohamia kutoka Tanga kueleweshwa kuwa ni ndizi na maharage, wala hakuna anayejidai. Mbege ilipigiwa kura, ikashinda, kisha ikafutwa na Mwalimu Mkuu aliyepita dirishani kwa bahati mbaya yetu. Nafasi yake ameipata bata.

Majina ya sehemu za mwili yaliletwa kwa wingi na madawati ya nyuma, kwa sababu zao. Yamebaki goti, kisigino na kope.

216 kamili saa sita kasorobo. Niliyachapa usiku, ukurasa mmoja, safu tatu.

Jumatano, 5 Machi

Nusu ya darasa wamefunga Ramadhani na nusu nyingine wana majivu kwenye paji la uso, hivyo kipindi kilianza kwa utulivu usio wa kawaida.

Kwanza hesabu, ubaoni, walizipiga wenyewe kwa mkono. Neno moja, 216. Mawili, 46,656, tayari ni zaidi ya mara nne ya namba nne za simu. Matatu, 10,077,696. Manne, 2,176,782,336. Matano, 470,184,984,576, na hapo ubao uliisha. Niliwaambia kwamba herufi ndogo nane zilizookotwa ovyo, kitu kama xqvbtkzj ambacho hakuna mtu atakikumbuka, zinatoa kama bilioni 209. Maneno matano ya orodha yetu yanazidi mara mbili na ushei. Niliongeza kwamba hesabu hiyo haibadiliki hata mwizi akiwa na orodha yetu mkononi, na kwamba kazi hiyo inafanywa na dadu, orodha siyo siri. Hilo liliwasumbua sana. Kuna ambao mpaka sasa wanaikunja na kuificha kwenye soksi.

Kisha kurusha. Kelele za dadu kwenye madawati ya mbao ni kama mvua ya mawe juu ya bati. Niliwakataza kurudia mrusho eti kwa sababu neno ni baya. Kuna aliyepata "kuku kuku bata ndoo kuku" na akataka kulia. Nikamwambia ni halali kabisa.

Ili wakumbuke, kila mmoja atunge kisa kutokana na maneno yake. Mfano wangu ukutani, kwenye manila kubwa kwa makapeni: kobe sufuria jumapili nyuki ndoo. Kobe kabeba sufuria siku ya Jumapili, kakutana na nyuki, kajitupa kwenye ndoo. Walicheka, wakatunga, sijawahi kuona darasa linaandika hivyo.

Makosa mawili, yote yangu. La kwanza: nilipopita kwenye chumba cha kompyuta mchana kuangalia akaunti mpya za darasa, kumi na moja kati yao zilifunguka kwa kobe sufuria jumapili nyuki ndoo. Kitu kikiwa ukutani kwa maandishi makubwa, mtoto wa shule anakinakili, ndicho alichofundishwa tangu chekechea. La pili ni baya zaidi. Nilisahau kwamba kisa kinatungwa ili kisimuliwe. Kufika saa nane wote walikuwa wamesimuliana. Chini ya mwembe mtu alipiga "Hadithi, hadithi!" wakaitikia "Hadithi njoo!" na nywila thelathini zikatoka hadharani, pamoja na ishara za mikono.

Manila imeshuka. Wiki ijayo turushe upya. Kisa cha pili kitaitwa hadithi ya tumboni.

Jumatano, 12 Machi

Masika imefungua mlango kwa teke. Barabara ya kwenda shuleni ni uji. Wamefika wachache, tukarusha dadu, tukatunga hadithi za tumboni, kimya kabisa, midomo ikicheza. Basi.

Jumamosi, 15 Machi

Kikao cha wazazi. Mwalimu Mkuu alinipa robo saa katikati ya ajenda ya uji na ajenda ya choo.

Niliingia kwa yale ambayo kila mtu ameshaonja, ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ukumbi ukaguna. Baba mmoja akasimama kueleza kwamba yeye aliitwa ajiunge na Freemason, tena kwa shilingi elfu hamsini tu, akacheka mwenyewe kwa bei. Nikawapa zile mbili zinazofaa kubandikwa nyuma ya mlango: namba ya tapeli itume kwenda 15040, bure; na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Palepale simu zikatoka. Mama mmoja alikuta laini ambayo haijui, akainuka na kutoka moja kwa moja kwenda kuifuatilia.

Kisha nikasema lile la nyuma ya daftari, kwamba watoto wetu wanafunguliwa na shikamoo, na kwamba nataka kuwafundisha kumkatalia mkubwa.

Kimya. Mama wa Pasua, yule wa maharage, ndiye aliyesimama. "Mwalimu, samahani, dada. Mimi mwanangu nimemlea asinibishie. Wewe unataka akubishie wewe, kesho atanibishia mimi." Wakampigia makofi. Mzee mmoja akaongeza kwamba mtoto akianza kuchagua mkubwa wa kumheshimu, umempoteza.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kompyuta. Nikawauliza wao: mtoto akutwe nyumbani peke yake, mgeni mwanamume abishe hodi, aseme mimi ni mjomba wako, fungua. Mtoto wako afanye nini? Mama wa Pasua akajibu bila kufikiri: "Amkie akiwa ndani, aseme mama katoka kidogo anarudi sasa hivi." Nikauliza, na hapo amekosa adabu? Akaniangalia. Akakaa. Nikaandika maneno yake mkononi kwa peni, maana daftari nililiacha ofisini.

Tukamaliza kwa ombi langu moja: anayemtuma mtoto kwa wakala na amtume, lakini siku mzazi anapoweza kwenda mwenyewe aende, na namba isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumba ile. Ajenda ya choo ikafuata, ikachukua saa nzima.

Jumatano, 19 Machi

Leo tumefundisha jibu la mama wa Pasua. Nililigeuza kidogo liingie kwenye simu: "Shikamoo. Mama katoka, anarudi sasa hivi. Nitamwambia umepiga." Halafu kata. Hakuna "hapana", hakuna "sitaki", hakuna kumwita mtu tapeli. Mtoto ameamkia, amejibu, ameahidi kufikisha ujumbe. Namba hajatoa.

Mwalimu wa TEHAMA alikuwa tapeli. Nilijua ana kipaji lakini sikujua kiasi hicho. Alitoka nje, akapiga kwenye simu yangu iliyokuwa juu ya meza na spika wazi. Kwanza alikuwa huduma kwa wateja, sauti ya puani. Wakamshinda. Akawa mjomba kutoka Dar es Salaam aliyekwama stendi. Akawa dada mpole: "Mwanangu, nimekosea, nimetuma namba sita kwenye simu ya mama, hebu nisomee tu." Hii ya namba sita niliieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayowapokonya watu WhatsApp zao: namba ile ndiyo ufunguo wa kuhamishia akaunti ya mama kwenye simu nyingine, na akishaisoma, tapeli anaanza kukopa kwa majirani kwa jina la mama. Wawili walisoma. Nilijua watasoma, sauti ilikuwa nzuri mno.

Halafu akabadilika, akawa mkali. "We mtoto, huna adabu? Unajua unaongea na nani?" Binti wa dawati la mbele ndiye aliyekuwa na simu. Alitetemeka, nikaona mabega. Akasema shikamoo kwa mara ya pili. Kwa mara ya tatu. Kila swali, shikamoo. Tapeli akakosa pa kushika, akakata mwenyewe. Darasa likalipuka.

Dakika za mwisho nilizitumia kwa wanaocheza Free Fire kwenye simu za kaka zao. Almasi za bure hazipo, na ukurasa unaokutaka uandike nywila ili upewe almasi unachukua nywila tu. Nikawaandikia pia 116, simu ya watoto, ya bure, kwa yale ambayo huwezi kumwambia mama wala mimi: mtu mzima anayeomba picha, anayesema tusimwambie mtu, anayetisha. Hapo sikuwaigizia kitu. Mmoja alibaki baada ya kengele, akainakili tena mkononi. Nimemwambia Mwalimu Mkuu, naye ameahidi kuongea naye taratibu, peke yao.

Jumatano, 26 Machi

Kipindi cha nane. Tulikubaliana na Mwalimu Mkuu kufanya jaribio bila kuwaambia.

Kijana mteja wangu, mwenye shati la kuchomekea, alivaa shingoni kitambulisho nilichokitengeneza mwenyewe na kukipitisha kwenye mashine ya lamineshani. Kimeandikwa MRADI kwa herufi kubwa, basi, hakuna kingine. Alipita darasa letu, kisha mkondo wa pili ambao sikuufundisha, akagawa fomu: jina, darasa, mtaa, chakula unachokipenda, namba ya siri ya simu ya mzazi. Mwalimu Mkuu alizikusanya kwa mkono wake, akahesabu zilizojazwa na zisizojazwa, akazichoma zote kwenye jiko la uji mbele yangu, kisha akaenda mkondo wa pili kuwaeleza na kuwapa barua za nyumbani.

Mkondo wa pili, 31 kati ya 43 walijaza. Darasa letu, 9 kati ya 44.

Tisa ni wengi. Ni nyumba tisa. Niliwauliza kwa ujumla, bila kutafuta nani, kilichowafanya waandike. Jibu lilitoka upande wa dirisha: "Madam, ulitufundisha simu. Hii ilikuwa karatasi." Na ni kweli. Karatasi kwao ni mtihani, na mtihani huachi nafasi wazi. Nimeliandika kuwa kipindi cha kwanza cha muhula ujao: fomu, na ruhusa ya kuacha mstari mtupu.

Kati ya zisizojazwa, Mwalimu Mkuu alinisomea moja kabla ya kuitia motoni. Kwenye mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa kulala wa kijana wa dawati la nyuma: "Shikamoo. Mama katoka."

Hali ya vifaa: orodha ya maneno 216 imebandikwa chumba cha kompyuta, bila mfano. Kikaratasi cha nywila kilichokuwa kimegandishwa kwenye kioo cha kompyuta ya mwalimu kimetolewa, na mwalimu ameshajifungia nje mara moja. Daftari la bluu la dukani limebaki na mistari kumi na saba isiyokatwa. Kufuli ya baiskeli ipo. Dadu zimerudi thelathini kati ya thelathini na sita; zilizobaki, nimeambiwa, zinaonekana kila saa ya chai nyuma ya choo cha walimu, na kuna mtu anadaiwa maandazi mengi.